Kindi na Mkono wa Kulia

Hadithi hii alinipa somo yangu, Bi Mwantumu, Mungu amrehemu. Alikuwa akipika uji wa mtama pembeni ya uwanja wa kujifunzia gari, na kila aliyefeli alikuja kulilia kwenye uji wake. Kwa hiyo alikuwa anajua mengi ya watu wa usukani. Alinihadithia mimi nikiwa mdogo kama Hoza hapa, na mimi nawahadithia nyie.

Nikisema hadithi iko mlangoni, semeni ifungulieni ipite. Haya.

Hadithi iko mlangoni.

Ifungulieni ipite.

Ina matope miguuni.

Na ipite hivyohivyo.

Basi hapo kale, wanyama walikuwa na gari, na ukiacha yale mabovu ya kujifunzia ya uwanjani, gari lilikuwa moja tu, la mjomba Nungunungu. Gari jekundu, mlango mmoja haufungi, honi yake inakohoa, piii-kho, piii-kho. Na mjomba Nungunungu alikuwa na neno moja: bila leseni, ufunguo sitoi. Uwe mwanawe, uwe mkwewe, bila leseni ufunguo hautoki.

Na leseni ilikuwa kwa Kiboko.

Kiboko ndiye mkaguzi wa madereva. Mkubwa, mnene, akikaa kwenye gari, gari linainama upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Alikuwa na nguvu ya kuvunja mtumbwi, lakini kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha kushoto na kusema kata huku, kata kule. Na alikuwa mlafi. Hakuombi chakula, hapana. Anaingia kwenye gari, anavuta pumzi, fuuu, anasema, "Gari hili linanuka njaa." Ukisikia hivyo, umeelewa. Kila mwanafunzi alikuja na bakuli. Kiboko anapakata bakuli, anakula, nyafu nyafu, nyafu nyafu, na akimaliza kula anakufelisha. Maana aliyefaulu haleti bakuli tena.

Sasa alikuwepo Kindi. Kindi mwenyewe huyu wa mitini, mdogo, mkia mkubwa. Kindi alikuwa anaendesha vizuri, msije mkadhani. Alikaa juu ya mito mitatu ndipo aone barabara. Alijifunga vigogo miguuni ndipo afikie klachi. Lakini akishakaa, alikuwa dereva. Klachi chini, gia moja, achia kidogokidogo, ngrrrr, gari linaondoka kama maji.

Ila Kindi alikuwa na jambo lake. Jambo la aibu.

Kindi alikuwa mashoto. Alikula kwa mkono wa kushoto.

Mtoto wa watu, mama yake alimpiga makofi ya mkono tangu hajaota meno. Alimfunga mkono kwa kitambaa. Wapi. Akila kwa mkono wa kulia, tonge linaishia kifuani, punje zinamwagika mkekani, watu wanatazama pembeni. Basi akajifunza kula nyuma ya mlango, kaipa dunia mgongo, anakula harakaharaka na anafuta mkono kwenye kanga, fyu fyu fyu, kabla mtu hajaingia. Hata mdogo wake, Kibibi, waliyelala naye kitanda kimoja, hakujua.

Na Kiboko kila siku ya mtihani alisimama juu ya kichuguu mbele ya wanafunzi wote, akauliza, "Kulia ni upi?" Wakinyamaza, anajibu mwenyewe: "Kulia ni mkono wa kulia chakula. Aliyekula na mama yake anaujua. Asiyeujua, hana mama." Wanafunzi wanacheka, hehehe. Kindi naye anacheka, hehehe, mkono kauficha kwenye kanga.

Siku ya kwanza ya mtihani Kindi akaja na bakuli la maharage ya nazi. Kiboko akaingia, gari likainama. Akala. Nyafu nyafu, nyafu nyafu. Klachi chini, gia moja, achia kidogokidogo, ngrrrr. Wakaenda vizuri, wakapanda kilima vizuri, wakarudi rivasi katikati ya makopo, hakuna kopo lililolia. Wakafika njia panda. Kiboko akalamba kidole, akasema, "Kata kulia."

Kindi akajiuliza upesi, kulia ni upi? Ni mkono wa kulia chakula. Na mkono wangu wa kulia chakula ni upi? Ni huu. Akakata huu.

Chubwiii. Kwenye tope la kushoto.

Kiboko akashuka na bakuli tupu, akamwambia arudi tena, na arudi na kitu kizito kuliko maharage.

Kindi akarudi nyumbani na tope hadi masikioni. Kumbe mama yake, Kibibi na majirani wote walikuwa wamemngoja mlangoni. Hajafungua mdomo, Kibibi kapiga kigelegele, lululululu, majirani wakaitikia, mama mtu kaanza kulia kwa furaha, anasema tazameni, hata tope hakunawa, katoka mbio kuja kutuambia kafaulu. Kindi hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alisimama tu na tope lake.

Wakampikia pilau. Sinia kubwa, wakaketi kulizunguka, wakamwambia dereva aanze yeye. Dereva akasema tumbo linamuuma. Watu walipotawanyika, akachota ukoko, akaenda kuula nyuma ya mlango kwa mkono wake uleule, na kila punje iliyopita kooni ilikuwa inamuuliza swali.

Halafu ikaja harusi. Kibibi alikuwa anaolewa ng'ambo ya bonde, Jumamosi. Akasema hapandi gari likiendeshwa na mtu mwingine. Dada yangu kafaulu, dada yangu ndiye atakayenipeleka. Mjomba Nungunungu akasema vizuri sana, Ijumaa jioni aje na leseni, achukue ufunguo. Mambo yamekuwa hayo, wajukuu zangu. Leseni isipopatikana, kigelegele kitarudi kuwa kilio, na Kibibi atakwenda kwa mumewe kwa miguu, na jua lile, na hina ile.

Siku ya pili ya mtihani ilikuwa Jumanne. Kindi akaja na bakuli la viazi, na safari hii alikuwa na akili mpya. Alijifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kulia, ule wa watu. Akajiambia, nikisikia kulia, natazama uzi, nakata upande wa uzi. Kwisha.

Kiboko akaingia, gari likainama. Nyafu nyafu, nyafu nyafu. Klachi chini, gia moja, achia kidogokidogo, ngrrrr. Kilima, vizuri. Makopo, vizuri. Wakaingia kwenye mzunguko, Kindi kazungusha usukani, mkono huu ukapita juu ya ule, ule ukapita chini ya huu, na mikono ikiwa imepishana hivyohivyo, Kiboko akasema, "Kata kulia."

Kindi akatazama uzi. Uzi uko kushoto.

Krrrrr, katikati ya matembele ya Bi Tembo.

Bi Tembo ndiye mwenye uwanja, mkubwa wa wakaguzi wote, bibi mtu mzima, akikaa chini ya kibanda chake anatazama kila gari. Akaja polepole, akayatazama matembele yake, akamtazama Kindi, wala hakumgombeza. Akauliza tu kwa sauti ya chini, "Wewe mtoto, wa nani wewe?" Kindi akashindwa kulitaja jina la mama yake. Akalia.

Na Kiboko, mashavu yamejaa viazi, akasema ili wote wasikie, "Nilikwambia kata kulia. Sikukwambia ulie."

Wanafunzi wakacheka hadi mmoja wao, Nguchiro, akaanguka chini.

Alhamisi Kindi alikaa jikoni peke yake. Nyumbani wanapaka hina, wanaimba, na kila anayepita anamwita dereva, dereva, tuletee kuni. Akawa anajua kuwa kesho Kiboko atamfelisha hata akikata kulia, hata akikata kushoto, hata asipokata kabisa, maana mkaguzi anataka bakuli la nne. Akawaza. Akageuza mwiko. Akautazama mkono ulioshika mwiko, na hapo ndipo akili ilipomjia, na ilimjia na aibu yake, zimeshikana kama mapacha.

Akapika boga la nazi. Boga limeiva hadi linavuta uzi, tui zito, iliki, sukari, rangi ya manjano ya kutia jicho. Akaliweka kwenye chungu kikubwa kuliko yeye mwenyewe.

Ijumaa akakifunga chungu nje ya dirisha la kushoto, kwa kamba.

Kiboko akaja, akavuta pumzi, fuuu. Akafumba macho. Akauliza boga liko wapi.

"Shikamoo mzee," Kindi akasema.

"Marahaba. Boga liko wapi?"

Kindi akamwambia kwa adabu kwamba chungu hakikupita mlangoni, kiko dirishani kwake, anyooshe mkono tu. Kiboko akaingia, gari likainama. Tumbo likajaa kiti chote. Mkono wake wa kulia ukabanwa huko kati ya tumbo na gia, hautoki, haurudi. Akauvuta kidogo, ukakataa. Na harufu ya boga inaingia dirishani. Basi angefanyaje? Akautoa ule mwingine. Akautumbukiza chunguni.

Nyafu nyafu, nyafu nyafu.

Klachi chini, gia moja, achia kidogokidogo, ngrrrr. Wakapita mbele ya wanafunzi, mkono wa Kiboko uko nje, unakwenda chunguni, unarudi mdomoni. Wakapanda kilima, nyafu nyafu. Wakarudi rivasi kwenye makopo, nyafu nyafu. Tui linashuka kiganjani, linashuka kifundoni, linafika kwenye kiwiko, na Kiboko hajui, amefumba macho, anaimba kwa pua. Wakafika njia panda, mbele ya kibanda cha Bi Tembo. Kiboko akawaza Jumanne. Akawaza boga lingine. Akasema, "Kata kulia."

Kindi akautazama ule mkono wa manjano. Akawasha indiketa, tiki taka, tiki taka. Akakata kushoto taratibu, vizuri, akasimamisha gari mbele ya Bi Tembo, breki kwiii.

"Umefeli," Kiboko akasema. "Jumanne. Na boga."

Kindi akashuka. Akainamisha kichwa, akaomba ruhusa aulize jambo moja, kama si utovu wa adabu. Bi Tembo akasema aulize.

"Mzee wangu," Kindi akasema, "ulitufundisha kulia ni mkono upi?"

"Wa kulia chakula. Mara ngapi nitasema?"

"Na leo umelia chakula kwa mkono upi?"

Kiboko akautazama mkono wake, na wanafunzi wote wakautazama, na Bi Tembo akautazama. Wa manjano hadi kiwikoni. Tui linadondoka, to, to, to.



Bi Tembo akauliza kwa sauti ileile ya chini, "Kiboko, baba, huo ni mkono gani?"

Sasa semeni nyinyi, angejibu nini? Akisema ni wa kushoto, basi mtu mzima, mkaguzi, mwenye kusimama juu ya kichuguu kuwacheka wasio na mama, kakutwa anakula kwa kushoto mchana kweupe mbele ya wakubwa zake. Akisema ni wa kulia, basi Kindi kakata kulia. Kiboko akahangaika. Akatokwa jasho jekundu, kama mnavyomjua. Mwisho akasema, sauti imepotelea tumboni, "Huu... ni wa kulia."

"Basi mtoto kakata kulia," Bi Tembo akasema. "Mpe leseni yake."

Wanafunzi wakapiga makofi, Nguchiro akaanguka chini tena. Kindi akapewa leseni, karatasi ya kijani, muhuri umekaa upande kwa hasira.

Mngedhani angecheka. Angeruka juu ya gari. Lakini alipogeuka kushukuru, alimwona Kiboko yuko nyuma ya gari, kawapa watu mgongo, anaufuta mkono kwenye suruali, harakaharaka, fyu fyu fyu, anatazama kama kuna anayemwona.

Kindi aliujua ule ufutaji. Aliujua vizuri sana. Maisha yake yote ameukimbia, na leo kauchukua akaupakaza kwa mtu mbele ya kadamnasi ili watu wacheke. Mlafi, sawa. Mwonevu, sawa. Lakini mama yake Kindi naye angekuwepo pale angecheka mkono ule kama wengine, na Kindi angecheka naye, hehehe, mkono kauficha kwenye kanga. Akaikunja leseni ndogo, ndogo, akaitia kibindoni, akaenda bila kuaga.

Jumamosi ikafika. Kibibi kapambwa, katiwa shela, kakalishwa kiti cha mbele. Na bibi harusi, mnajua wenyewe, hasemi, hacheki, hainui macho, anakuwa kama kitu kilichofunikwa. Nyuma wamejaa mashangazi na ngoma. Klachi chini, gia moja, achia kidogokidogo, ngrrrr. Piii-kho, piii-kho. Wakashuka bonde, wakapanda, wakafika pale njia inapogawanyika, na shangazi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Dereva, kata kulia."

Kindi akasimamisha gari. Katikati ya njia.

Ngoma ikanyamaza. Shangazi akauliza kama mafuta yamekwisha. Kindi aliushika usukani kwa mikono yote miwili, akamsogelea mdogo wake kwenye shela, akamwambia polepole wasisikie wa nyuma. Kwamba yeye ni mashoto. Kwamba neno kulia likitajwa, kichwa chake kinakwenda huku na dunia inakwenda kule. Kwamba siku ile ya kigelegele alikuwa amefeli, na pilau ile ameila bure. Kwamba leseni kaipata jana, na namna alivyoipata hata haifai kusimuliwa siku ya harusi.

Kibibi hakuinua macho.

Halafu ndani ya shela sauti ndogo ikasema, "Dada. Ndiyo maana siku zote mlango wa jikoni unarudishwa?"

"Ndiyo maana."

"Na mimi nilidhani unaiba nyama."

Hapo bibi harusi akatoa mkono nje ya shela, mkono wenye hina hadi kwenye kiwiko, mkono ambao hakuna mtu aliyetakiwa kuuona kabla ya bwana harusi, akanyoosha kidole mbele ya kioo. Huku. Kindi akakata huku. Kidole kikasema huko. Kindi akakata huko. Njia nzima hivyo, bila kulia, bila kushoto, na Kindi machozi yanamshuka, akawa anafuta kwa mkono wowote uliokuwa karibu.

Kwa bwana harusi walisema maneno. Wakasema bibi harusi gani huyu, anakuja kwa mumewe ananyoosha kidole kama trafiki. Kibibi kalibeba hilo mpaka leo, na hajamwambia mtu sababu.

Na Kiboko je? Kiboko aliacha kazi siku ileile. Aliingia mtoni ili mikono yake isionekane, na mpaka leo ukimwona, unaona macho na masikio tu. Akila majani, anakula kwa mdomo mtupu. Mikono hathubutu.

Hadithi imezima injini.

Shukeni, tumefika.

Sasa msikilize fundisho, maana somo yangu hakuniacha bila fundisho. Kula kwa mkono wa kulia. Usidanganye mama yako. Na usimpelekee mkaguzi chakula. Kindi alikula kwa kushoto, alidanganya, akapeleka mabakuli matatu, na ndiye dereva peke yake aliyekuwa na leseni bonde zima. Kwa hiyo mshike sana mafundisho ya wakubwa.

Unanitazama nini, Mwajabu? Ndivyo nilivyoambiwa na mimi. Haya, usiku umeingia. Hoza, toa miguu kwenye mto wa mwenzio. Jifunikeni, mlale.